Hebden Bridge kama kituo cha kutembea Pennine Way bila gari: tupange vipi?

Mwanaidi_Leicester

Habari za humu ndugu zangu. Tuko wanne, tumezoea kutembea kilomita 15 kwa siku kwenye njia tambarare, na katikati ya Mei tuna siku tano za kwenda vilima vya Pennine, kaskazini mwa Uingereza. Kubeba mahema na kuhama kila siku hatutaki. Tunafikiria kupanga nyumba moja Hebden Bridge, ule mji wa zamani wa viwanda vya nguo ulio kati ya Leeds na Manchester. Asubuhi tutoke na begi dogo, jioni turudi kitanda kilekile. Gari hatuna.

Naomba msaada kwa haya. Kwa mtindo huo tutapata vipande vya maana vya Pennine Way, ile njia ndefu ya miguu ya vilimani, au tutaishia kuzunguka mjini tu? Kilomita ngapi kwa siku ni za busara kule? Mabuti au raba? Na Todmorden, mji jirani, nyumba zinaonekana nafuu kidogo. Tukilala huko tunapoteza nini?

Shukrani.

Mzee_wa_Kontua

Dada Mwanaidi, karibu. Mahali mmepachagua vizuri na vipande mtakavyovipata ni vya maana kabisa.

Pennine Way ina kilomita 430 hivi, kutoka Edale mpaka Kirk Yetholm upande wa Scotland, na ilifunguliwa mwaka 1965. Haipiti katikati ya Hebden Bridge. Inashuka bondeni, inavuka mto Calder na mfereji wa Rochdale penye Callis Bridge, kilomita 2 hivi magharibi mwa mji, kisha inapanda tena ng'ambo. Kutoka Callis mpaka mjini unafuata njia ya kando ya mfereji, tambarare tupu. Pia kuna njia ya kuunganisha iitwayo Hebden Bridge Loop, inayomwingiza mtembezi mjini na kumtoa upande wa pili bila kukanyaga mara mbili palepale. Mji huu ndio uliokuwa wa kwanza Uingereza kutambuliwa kama mji unaokaribisha watembea kwa miguu, mwaka 2007, na ukifika utaona vibao viko kila pembe.

Kuna vijiji vizuri zaidi juu vilimani, lakini kama kituo havifikii mji huu, na sababu ni viwanda vyenyewe. Zamani wafumaji walifanya kazi majumbani, juu kwenye mabega ya vilima. Nyumba zao utazijua kwa madirisha yaliyopangwa safu moja ndefu, mwanga uangukie kitambaa. Baadaye viwanda vikafuata maji na mvuke vikashuka bondeni, mfereji ukafunguliwa wote mwaka 1804, reli ya Manchester na Leeds ikakamilika 1841. Watu wakawa wanashuka kazini na kupanda nyumbani kila siku. Kwa hiyo leo njia za miguu ni nyingi mno, zote zinaelekea chini, na chini kuna treni. Ukihesabu kutoka magharibi, vituo ni Littleborough, Walsden, Todmorden, Hebden Bridge, Mytholmroyd, Sowerby Bridge. Upande wa kusini wa bonde, hali ya hewa ikichafuka au mtu akiumia goti, karibu kila mahali unapata njia ya kushukia kwenye kimoja cha vituo hivyo.

Kanuni moja naomba mwishike: asubuhi pandeni treni au basi kwenda mbali, kisha mtembee kurudi nyumbani. Wengi hufanya kinyume, wanatoka mlangoni kwa miguu na kutegemea basi la jioni. Saa ya mwisho wanaikimbiza ratiba, na huo ndio wakati miguu imechoka na watu wanateguka vifundo. Ukitembea kuja kwako, ukichelewa umechelewa chakula tu.

Kipande cha kwanza ninachopendekeza ni Littleborough mpaka Hebden Bridge, kilomita 20 hivi. Treni inapita Todmorden na Walsden, inaingia handaki la Summit, na ukitoka handakini kituo kinachofuata ndipo unaposhuka. Mnapanda kwa barabara ya kale ya mawe mpaka jiwe la Aiggin, pale mnakutana na Pennine Way. Mkiwa na nguvu, geukeni kusini kidogo mfike kilele cha Blackstone Edge, mita 472, kisha mrudi. Kutoka hapo ni kaskazini: mnavuka barabara ya A58 penye baa ya White House, halafu mnaambaa na mabwawa ya maji na mitaro yake kwa kilomita kadhaa, karibu bila kupanda. Sehemu hiyo ni rahisi kwa miguu lakini upepo hauna cha kuuzuia. Mwisho mnafika mnara wa Stoodley Pike, mnashuka msituni mpaka Callis, mfereji, nyumbani.

Mnara huo una mita 37, ulikamilika 1856, baada ya ule wa kwanza kuanguka mwaka 1854. Mlango uko upande wa kaskazini na kuna ngazi 39 za kuzunguka mpaka roshani. Ndani ni giza, kwa hiyo tochi itoke begini kabla ya kuingia.

Muda: tumieni kanuni ya Naismith, ya mwaka 1892. Kilomita 5 kwa saa, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 20 ni saa 4, kupanda kama mita 400 ni dakika 40. Jumla saa 4 na dakika 40. Hiyo ni bila kula, bila tope na bila picha. Kwa watu wanne waliozoea tambarare, ongezeni nusu yake: saa 7. Kwa kilomita 15 mlizozizoea, 20 ya kule siku ya kwanza inatosha, msipange 25.

Kipande cha pili ni Haworth mpaka Hebden Bridge, kilomita 21 au 22, na kinachosha zaidi kwa sababu kupanda kumegawanyika mara nyingi. Asubuhi kuna basi, B3 la njia ya Keighley, linapita Haworth. Mnatoka Haworth mpaka maporomoko ya Brontë, mnapanda magofu ya Top Withens, na hapo mmeingia Pennine Way. Mnashuka kwenye mabwawa matatu ya Walshaw Dean, mnavuka kijito cha Graining Water, kisha nyika ya Heptonstall Moor mpaka Colden. Karibu na Colden kuna duka la shamba la Highgate, linajulikana kwa kila mtembezi wa njia hii, ila hakikisheni siku hiyo liko wazi kabla ya kuliwekea matumaini ya chakula. Halafu daraja la mabamba la Hebble Hole, na bonde la Colden linawashusha mpaka mjini.

Kipande cha tatu, kwa siku mtakapokuwa mmezoea: Marsden mpaka Littleborough, kilomita 20 na ushee. Kufika Marsden kunahitaji kubadili treni, basi toka mapema. Mnapanda Standedge na mnavuka barabara kuu ya M62 kwa daraja la waenda kwa miguu, karibu na mahali ambapo M62 inafikia mita 372, kimo kisichofikiwa na barabara kuu nyingine ya aina hiyo Uingereza. Mnamalizia Blackstone Edge kwa upande wa kusini na kushuka kwenye treni. Hapa kanuni yangu ya kutembea kuja nyumbani haishiki moja kwa moja, lakini treni za Littleborough ni nyingi kuliko mabasi ya Haworth, kwa hiyo hatari ni ndogo.

Mkitembea vipande vyote vitatu mtakuwa mmeunganisha Pennine Way kutoka Standedge mpaka Top Withens, ila mwanya mfupi kati ya Hebble Hole na Callis. Mwanya huo mnaweza kuuziba jioni yoyote.

Kiatu_Kikavu

Nijibu la viatu maana ndilo linaloharibu safari za watu.

Udongo wa nyika zile ni mboji nyeusi, nene, inayonyonya maji na kuyashika. Mvua ikikatika leo, tope liko palepale wiki ijayo. Kwa hiyo chukueni mabuti yanayofunika kifundo, yenye utando wa kuzuia maji na soli yenye meno marefu, na yawe yameshavaliwa. Buti jipya kwenye kilomita 20 ni malengelenge ya hakika. Raba za mbio za porini zinafaa kwa mtu mwepesi anayekubali miguu ilowe na ikauke ikitembea, lakini kwa siku tano mfululizo, Mei, na baridi ya asubuhi, sizishauri kwa wageni wa njia. Ongezeni vile vifuniko vya kitambaa vinavyovaliwa kuanzia kiatu mpaka chini ya goti. Vinazuia tope lisiingie kwa juu, na hiyo ndiyo njia tope linayotumia.

Soksi za sufu, jozi mbili kwa kila mtu kwa siku, moja mguuni, moja begini ndani ya mfuko wa plastiki. Soksi za pamba zinashika maji na kusugua ngozi. Jinzi vivyo hivyo: ikilowa inakuwa nzito na baridi na haikauki mpaka kesho. Mtu akisikia kisigino kinapata moto, msimame hapohapo, mkaushe na kubandika plasta. Akisubiri mpaka chakula cha mchana, ngozi imeshainuka.

Sasa mabamba ya mawe. Sehemu kubwa za Pennine Way juu nyikani zimetandikwa mabamba, moja baada ya jingine, kwa sababu miguu ya watu ilikuwa imeichimba mboji mpaka njia ikawa mtaro mpana wa tope. Mabamba mengi ni sakafu za viwanda vya nguo vilivyobomolewa, yakabebwa na helikopta mpaka juu. Inama uyatazame: mengine yana matundu ya mviringo, yaliyokwenda chini wima, pale mashine ilipofungwa kwa bolti. Mvua inajaa ndani ya matundu hayo na kutuama.

Ni mazuri mno kwa kasi, lakini yana hila zake. Yakiwa makavu mnatembea kama barabarani. Yakiwa na ukungu wa kijani au barafu ya alfajiri yanateleza vibaya. Piga hatua fupi, nyayo nzima ishuke kwa pamoja, usisukume kwa vidole. Ncha ya fimbo usiiweke juu ya bamba, iweke pembeni kwenye udongo. Chuma juu ya jiwe lililolowa hukimbia. Na bamba likiwa limezama au limepinduka, usiruke pembeni kwa haraka. Yale majani mabichi laini, yenye rangi ya kijani ya kung'aa, yameota juu ya maji. Pima kwanza kwa fimbo. Nyasi ngumu za rangi ya kahawia ndizo zenye kushika.

Mkirudi nyumbani na mabuti yaliyolowa, toeni soli za ndani, jazeni magazeti, badilisheni magazeti baada ya saa moja au mbili, kisha tena kabla ya kulala. Msiyaweke juu ya hita. Gundi ya soli inaachia na ngozi inapasuka, na mabuti yanakufa safarini. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwa na kituo kimoja: mna mahali pa kukaushia kila usiku. Anayehama na hema hana.

Begi la lita 20 mpaka 25 linatosha: koti la mvua lenye kofia, suruali ya mvua, sweta nene ya ziada, kofia ya sufu na glovu (ndiyo, hata Mei), maji lita 1.5 kila mtu, chakula na kingine cha akiba, tochi ya kichwani, filimbi, plasta. Vitu vyote vya nguo viwe ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya begi, kwani kifuniko cha nje cha begi hupeperushwa na upepo.

Maji ya vijito yana rangi ya chai kwa sababu ya mboji, na kondoo wako kila mahali. Chujio la kawaida linaondoa vijidudu lakini rangi inabaki. Rahisi zaidi ni kujaza nyumbani.

Bi_Salma_Todmorden

Mwanangu Mwanaidi, nikujibu kuhusu Todmorden kwa haki, maana wengi wanaidharau.

Todmorden haina watalii wengi kama Hebden Bridge. Ina soko lake, ina maduka ya kawaida ya bei ya watu, na iko kwenye reli ileile. Kutoka hapo Stoodley Pike mnaifikia kupitia kijiji cha Mankinholes bila kupanda treni. Mnachopoteza ni upande wa kaskazini: basi la Haworth linaanzia Hebden Bridge, na mkitoka Heptonstall Moor mtashukia Hebden Bridge halafu mpande treni ya kurudi. Si shida kubwa, ni dakika chache, ila inaongeza kazi mwisho wa siku ndefu zaidi. Kama bei inatofautiana sana, njooni Todmorden. Kama ni kidogo, laleni Hebden Bridge. Mzee wa Kontua kasema kweli kuhusu kutembea kuja nyumbani, na Hebden Bridge ndiyo inayowapa hilo kwa vipande viwili vizito.

Mkipanga Hebden Bridge, ulizeni swali moja kabla ya kulipa: nyumba ni ya juu au ya chini? Mji ule umebanwa bondeni, na wakati wa viwanda vya kodrai na vitambaa vizito vya suruali walikosa nafasi, wakajenga nyumba juu ya nyumba kwenye mteremko. Familia moja inaingilia mtaa wa chini, nyingine inaingilia mtaa wa juu, upande wa nyuma wa jengo lilelile. Ile ya chini mgongo wake umeingia kilimani, mara nyingi ina madirisha upande mmoja tu. Hewa ni nzito na nguo zilizolowa hazikauki. Kwa watu wanne wenye makoti na mabuti ya tope, hilo ni jambo. Ulizeni pia ngazi ngapi kutoka barabarani. Picha za matangazo hazionyeshi.

Na kama mnakuja msimu mwingine, majira ya baridi, epukeni vyumba vya chini vilivyo karibu na mto. Tarehe 26 Desemba 2015 mji ulifurika, na Februari 2020 tena. King'ora cha mafuriko kikilia hakuna kusubiri. Mei hatari ni ndogo, lakini njia ya kando ya mfereji inaweza kufunikwa na maji baada ya mvua kubwa.

Tiketi: hapa watu wanapigwa faini bila sababu. Tiketi za siku za West Yorkshire, za treni na basi, mwisho wake upande wa magharibi ni Walsden. Littleborough ni kituo kinachofuata lakini kiko Greater Manchester. Mkienda Littleborough nunueni tiketi inayotaja Littleborough. Jumapili treni na mabasi ni machache na yanaanza kuchelewa, kwa hiyo siku ya Haworth isiwe Jumapili. Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei ni sikukuu, mji unajaa na ratiba zinakuwa za Jumapili au karibu yake.

Chakula: wanaotaka nyama halali wataipata Halifax, robo saa hivi kwa treni. Nunueni ya siku zote mara moja mwape jokofu kazi.

Mwanaidi_Leicester

Bi Salma, shikamoo, na ahsanteni sana wote. Nimeshauliza kuhusu nyumba: ni ya chini! Tunatafuta nyingine.

Mawili yamebaki. Mmoja wetu magoti yanamsumbua akishuka. Na ukungu ukitukuta juu kule, simu inatosha kuonyesha njia?

Mshika_Dira

Nianze na simu. Inatosha mpaka siku isipotosha, na siku hiyo ndiyo mtakayoihitaji. Baridi inakula betri, kioo chenye matone ya mvua hakisikii kidole, na mtandao ndani ya mabonde yale unakatika. Pakueni ramani kwenye simu kabla ya kutoka, beba pawabenki, lakini mnunue na ramani ya karatasi: Ordnance Survey Explorer OL21, South Pennines, kipimo cha 1:25,000. Sentimita 4 kwenye ramani ni kilomita 1 ardhini. Mistari ya kontua, ile inayoonyesha kimo, ikikaribiana ni mteremko mkali. Ikiachana ni uwanda. Vistari vifupi vya kijani ni njia za kisheria za miguu, ila havimaanishi kwamba ardhini kuna alama ya kuonekana. Hilo ndilo linalowachanganya wageni: wanafuata kijani wanakuta nyasi tupu.

Pennine Way alama yake ni tunda la mwaloni, utaliona kwenye nguzo na mageti. Mshale wa njano ni njia ya miguu, wa buluu ni njia ya farasi na baiskeli pia. Msiufuate mshale wa njano kwa sababu ni wa njano, fuateni tunda. Kuna njia nyingine nyingi zinakatiza pale, ikiwemo Calderdale Way, duara la kilomita 80 lenye herufi CW, na Pennine Bridleway, ambayo alama yake nayo ni tunda la mwaloni. Hiyo ya mwisho inapoteza watu karibu na Callis na mabwawa. Soma jina lililoandikwa, picha peke yake haitoshi.

Dira: Uingereza siku hizi tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya ramani ni karibu sifuri, kwa hiyo hamna hesabu ya kuongeza wala kupunguza. Mahali panapopoteza watu kwenye ukungu ni pawili: Heptonstall Moor, ambako njia haina ukuta wa kuushika, na kilele cha Blackstone Edge, ambako mawe makubwa yametawanyika na vijia vimechipuka kila upande. Kabla ya kuingia sehemu hizo, hata kama kunaonekana vizuri, pimeni uelekeo na muuandike. Mkishaingia ukungu bila kujua mlipo, kupima hakusaidii. Upande wa mabwawa ni rahisi: shikeni ukingo wa mtaro, hautawapoteza.

Dharura ni 999 au 112. Ombeni polisi, kisha mseme mnataka kikosi cha uokoaji mlimani. Wanaohudumia bonde hilo wako Mytholmroyd na ni watu wa kujitolea. Sajilini simu mapema kwa huduma ya ujumbe: tumeni neno "register" kwenda 999 mfuate maelekezo. Ujumbe hupita mahali sauti haipiti. Wapeni namba ya gridi ya ramani, kwa mfano Stoodley Pike ni SD 973 242. Filimbi ni milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia.

Magoti. Kupanda si tatizo lake, tatizo ni mita 300 za kushuka kwa mkupuo, kutoka Stoodley Pike mpaka mferejini. Fimbo mbili, zirefushwe kidogo mnaposhuka, zitangulie mwili, na afike chini kwa kupindapinda barabara ya msituni badala ya kukata moja kwa moja. Kutoka Heptonstall kuna mteremko wa mawe uitwao Buttress, wa farasi wa mizigo wa zamani. Ni mzuri kuutazama. Ukilowa, yale mawe yaliyolainika kwa karne nyingi hayamfai mtu mwenye magoti mabovu. Achukue barabara ya magari, ni ndefu zaidi lakini lami inashika.

Mengine mawili mafupi. Ng'ombe wenye ndama msipite katikati yao, zungukeni mbali, na mwenye mbwa amwachie kamba akishambuliwa. Jioni mjikague kupe, hasa nyuma ya magoti na kiunoni. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, vuta taratibu bila kuzungusha.

Mzee_wa_Kontua

Niongeze mpangilio wa siku, kwa kuwa sasa mnajua vipande.

Siku ya kuwasili msipande mlima. Nendeni Hardcastle Crags, bonde lenye msitu juu ya mji, mpaka Gibson Mill, kiwanda cha pamba cha mwaka 1800 hivi kilichoendeshwa kwa maji. Kwenda na kurudi ni kilomita 10 hivi. Njia ya kando ya maji ina mizizi na mawe, mtapima mabuti yenu na magoti ya mwenzenu kabla hamjaenda mbali. Siku ya pili Littleborough. Siku ya tatu, au yoyote itakayotangazwa mvua kubwa, ni ya mfereji: kilomita 7 mpaka Todmorden, mnakula sokoni, mnarudi kwa treni. Siku ya nne Haworth. Ya tano Marsden, mkitaka na miguu ikitaka.

Msiishike hiyo kama amri. Kila jioni angalieni utabiri wa vileleni, maana wa mjini hausemi kitu kuhusu upepo wa juu. Siku yenye upepo mdogo ipeni Haworth, kwa kuwa kwenye Heptonstall Moor ukichoka huna kituo cha karibu. Barabara ya Widdop ipo, lakini msitegemee basi. Littleborough inavumilia siku mbaya kidogo kwa sababu ya njia za kushukia Walsden na Todmorden.

Mwanga hautawasumbua. Katikati ya Mei jua linachomoza saa kumi na moja alfajiri hivi na kuzama saa tatu usiku. Ratiba za treni zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, basi 07:30 yao ni saa moja na nusu asubuhi yetu. Kubalianeni mnatumia saa ipi kabla mmoja hajaachwa stesheni. Atakayesoma haya akipanga Desemba ajue jua linazama saa kumi kasorobo alasiri: kipande cha Haworth kwa mwendo wa saa 7 hakiingii, labda uanze gizani.

Mei pia ndege wa nyikani wanataga chini kwenye nyasi. Baki kwenye njia, na kuanzia 1 Machi mpaka 31 Julai mbwa kwenye nyika za wazi ni lazima awe na kamba fupi, isiyozidi mita 2. Moto wa aina yoyote hapana, hata jiko dogo la gesi. Mboji ikikauka inashika moto kwa chini na kuwaka siku nyingi. Chai ibebeni kwenye chupa ya kuhifadhi joto.